Mstari wa rigresheni umelala chini, karibu nukta zote ziko juu yake

NuktaNyingi

Wakuu habari zenu. Naandaa sura ya matokeo ya tasnifu yangu, na nimeamua michoro yote niichore kwa R, programu ya takwimu, badala ya lahajedwali. Kabla sijagusa data zangu, nafanyia mazoezi data za `cars` zinazokuja na R yenyewe, ili yeyote atakayenisaidia aone ninachokiona. Ni vipimo 50 vya magari ya miaka ya 1920, safu mbili tu: `speed` ni mwendo kwa maili kwa saa, `dist` ni umbali ambao gari lilitumia kusimama, kwa futi.

Nataka nukta pamoja na mstari wa rigresheni, yaani mstari unaotabiri kigeu kimoja kwa kingine. Nimeandika hivi:

```
plot(cars$speed, cars$dist)
abline(lm(cars$speed ~ cars$dist))
```

Nukta zinatokea vizuri, zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari nao unatokea, na R hailalamiki chochote. Lakini umelala chini kabisa ya mchoro, karibu tambarare, na karibu nukta zote ziko juu yake. Mstari unaotakiwa kupita katikati ya nukta unapitaje chini yake?

Nikajaribu ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea:

```
ggplot(cars, aes(speed, dist)) + geom_point() + geom_smooth()
```

Hapa kitu kinapita katikati, ila kimepinda, na kina utepe wa kijivu. Nimesoma kwamba utepe huo ni wa asilimia 95. Nikiangalia, nukta nyingi ziko nje yake. Sasa ni asilimia 95 ya nini? Msimamizi wangu ataniuliza hilohilo na sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

---

fundichati

Mkuu, la kwanza ni jepesi. Ndani ya `plot` ukitumia koma, x inatangulia. Ndani ya `lm`, amri inayokokotoa mstari, ukitumia alama ya `~`, y ndiyo inayotangulia. Umeweka `speed` mwanzo kote kuwili. Geuza:

```
abline(lm(dist ~ speed, data = cars))
```

Na zoea kuandika `plot(dist ~ speed, data = cars)` badala ya koma. Ukifanya hivyo fomula ya mchoro na fomula ya modeli zinakuwa moja, unainakili tu.

La pili: ongeza `method = "lm"` ndani ya `geom_smooth`. Usipoitaja, data zikiwa chini ya 1,000 inachagua yenyewe loess, njia inayopindisha mstari kufuata nukta za jirani, ndiyo maana umeona kitu kilichopinda. La utepe nawaachia wanaolijua vizuri zaidi.

---

Bi Mizani

Ndugu NuktaNyingi, fundichati kakutengenezea mchoro na amesema kweli. Naomba nikae zaidi kwenye hilo swali la utepe na kwenye huo mstari uliolala. Nasoma ripoti za watu kila mara, na mistari iliyochorwa kwa usahihi kabisa na programu ikaelezwa kinyume ndiyo inayonihangaisha kuliko mistari iliyokosewa. Mstari uliokosewa angalau unaonekana.

Anza na uliolala. Ulichoiambia R ni kwamba mwendo unategemea umbali wa kusimama. R ikatii, ikakupa mstari unaoanza 8.28 na kupanda 0.166 kwa kila futi. Kisha `abline` ikachukua namba hizo mbili kama zilivyo na kuzichora kwenye mchoro ambao mhimili wake wa mlalo ni mwendo. Haina habari kwamba modeli ilitoka kwenye vigeu vilivyogeuzwa, yenyewe inapokea namba mbili tu: mahali pa kuanzia na mteremko. Ndiyo maana mstari wako unaanzia karibu 9 upande wa kushoto na kuishia karibu 12 upande wa kulia, wakati umbali kwenye data unafika futi 120. Modeli sahihi inaanza −17.58 na kupanda futi 3.93 kwa kila ongezeko la maili moja kwa saa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Pengine utafikiri kwamba ukichukua ule mstari wa kwanza na kuugeuza vizuri, mlalo uwe wima na wima uwe mlalo, utapata mstari uleule wa pili. Hupati. Ukiugeuza, mteremko wake unakuwa 1 gawanya kwa 0.166, yaani karibu 6.04, na si 3.93. Ni mistari miwili tofauti kutoka data zilezile, na inakutana mahali pamoja tu, kwenye wastani wa vyote viwili: mwendo 15.4, umbali 42.98. Sababu ni kwamba njia ya miraba midogo kabisa, ile aliyoichapisha Legendre mwaka 1805, inapima umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari kwa kufuata upande wa kinachotabiriwa peke yake. Ukitabiri umbali wa kusimama, mabaki yanapimwa wima. Ukitabiri mwendo, yanapimwa kwa mlalo. Kadiri nukta zinavyotawanyika ndivyo mistari hiyo miwili inavyoachana, na kama nukta zote zingekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, mistari hiyo ingelaliana kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika fomula amua nani anamtabiri nani. Programu haitakuamulia, na mchoro wa nukta peke yake haukuambii.

Twende kwenye utepe. Utepe wa `geom_smooth` unahusu mstari, hauhusu nukta. Unajibu swali hili: kwa magari yote yanayokwenda mwendo fulani, *wastani* wa umbali wao wa kusimama unaweza kuwa wapi? Asilimia 95 ni sifa ya njia. Tungekusanya data kama hizi tena na tena na kila mara tukachora utepe kwa njia ileile, basi kwenye mwendo wowote utakaouchagua, katika tepe 95 kati ya kila 100 wastani wa kweli ungekuwa ndani. Hakuna mahali utepe huu ulipoahidi kubeba asilimia 95 ya nukta. Ndiyo maana unazidi kuwa mwembamba data zikiongezeka. Ukiwa na magari laki moja utakuwa uzi tu, na karibu kila nukta itakuwa nje yake, na hakuna kilichoharibika.

Chukua mwendo wa 15.4, katikati kabisa ya data. Mstari unatabiri futi 42.98. Utepe wa wastani hapo unatoka karibu 38.6 hadi 47.4. Lakini ukiniuliza kuhusu gari *moja* litakalokuja kesho likiwa na mwendo huo, sina haki ya kukupa masafa hayo. Jibu linatoka karibu 11.7 hadi 74.2. Tazama tofauti: futi 9 kwa upana dhidi ya futi 62. Mtu akisoma utepe wa kijivu akadhani ndio unaomwambia gari lake litasimama wapi, amejipunguzia hatari mara saba. Weka badala ya magari kipimo cha dawa au uzito wa mtoto mchanga, utaona kwa nini sinyamazi nikikuta tepe hizi zimechanganywa.

Utepe mpana ggplot2 haikuchorei yenyewe. Unauomba hivi, nakuonyesha kwa R ya kawaida:

```
m <- lm(dist ~ speed, data = cars)
mpya <- data.frame(speed = seq(4, 25, by = 0.5))
p <- predict(m, mpya, interval = "prediction")
plot(dist ~ speed, data = cars)
lines(mpya$speed, p[, "fit"])
lines(mpya$speed, p[, "lwr"], lty = 2)
lines(mpya$speed, p[, "upr"], lty = 2)
```

Jina la safu ndani ya `mpya` lazima liwe `speed`, sawasawa na lilivyo kwenye fomula. Na hii ndiyo sababu nyingine ya kuacha kuandika `cars$dist ~ cars$speed` ndani ya `lm`: modeli ya namna hiyo itakuchorea mstari, lakini ukimpa `predict` data mpya haitazitambua, itakurudishia makadirio ya vipimo vilevile 50 pamoja na onyo ambalo wengi hawalisomi.

Msimamizi akiuliza, mjibu hivi: utepe wa kijivu ni wa wastani, vistari vya vipande ni vya gari moja moja. Na maneno hayo yaandike chini ya mchoro wenyewe, usiyaache kwenye maelezo ya kurasa mbili mbele.

---

JedwaliKuu

Nimefurahi mada hii imefunguliwa. Kwa wasiotumia R, jambo ni lilelile, vitufe ndivyo vinavyobadilika.

SPSS: chora mchoro wa mtawanyiko kwanza, kisha bofya mara mbili juu yake ili dirisha la kuhariri lifunguke. Nenda menyu ya Elements, chagua "Fit Line at Total". Kwenye dirisha la sifa utaona sehemu ya "Confidence Intervals" yenye chaguo la "Mean" na la "Individual". Ndizo tepe mbili alizozieleza Bi Mizani, majina yamewekwa wazi kabisa.

Stata: y inatangulia, hata kwenye mchoro. Andika `twoway (lfitci dist speed) (scatter dist speed)`. Anza na `lfitci`, nukta zifuate, la sivyo utepe utazifunika nukta. Ukitaka utepe wa gari moja moja, ongeza `stdf` baada ya koma ndani ya `lfitci`.

Excel: hakikisha umechagua chati ya XY, ile ya nukta. Ukichagua chati ya mstari, Excel inachukulia mhimili wa mlalo kuwa 1, 2, 3 hadi mwisho, hata kama umeweka mwendo halisi pale chini kama lebo. Mstari wa mwelekeo utatokea, mlinganyo utatokea, R² (sehemu ya tofauti za y inayoelezwa na mstari) itatokea, na vyote havitahusiana na mwendo. Pia namba za kwenye lebo ya mlinganyo zimekatwa. Kabla hujazitumia kukokotoa chochote, ongeza tarakimu za desimali kwenye lebo.

Python: `np.polyfit(x, y, 1)` inakurudishia mteremko kwanza, R inakupa kwanza pale mstari unapokata mhimili wa wima. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, angalia hilo. Nayo `regplot` ya seaborn inatengeneza utepe kwa kuchota sampuli upya kutoka data zako, kwa hiyo kingo zake zinaweza kusogea kidogo kila unapochora. Usishtuke, weka mbegu (`seed`, namba inayofanya uchotaji urudiwe vilevile) ukitaka zitulie.

---

NuktaNyingi

Asanteni sana. Bi Mizani, nimeurudia mchoro kwa amri zako na sasa naona kwamba nukta karibu zote zimeingia ndani ya vistari vya vipande. Nimeelewa utepe upi ni wa nini.

Nina mambo mawili bado. Kwanza, nilitaka kuondoa nafasi ya juu kwenye mchoro, nikaongeza `ylim(0, 80)` kwenye ggplot2. Mstari ukapungua kupanda. Kupunguza mhimili kunabadilishaje mstari?

Pili, data zangu halisi zina makundi matatu. Nimejaribu na `iris`, data za maua zinazokuja na R: urefu na upana wa sepali (vijani vya nje vya ua), rangi kwa aina ya ua. Nikichora napata mistari mitatu yote inapanda. Nikiondoa rangi napata mmoja, nao unashuka. Nichore upi?

---

fundichati

La `ylim` linawakamata wengi. Kwenye ggplot2, `ylim` haikati mchoro, inatupa data. Nukta zote zilizo juu ya 80 zinaondolewa *kabla* mstari haujakokotolewa. Kwenye `cars` ziko tano: 84, 85, 92, 93 na 120. Umefanya rigresheni ya magari 45, na mteremko umeshuka kutoka 3.93 hadi 3.09. Utaona pia onyo kwamba vipimo 5 vimeondolewa.

Tumia `coord_cartesian(ylim = c(0, 80))`. Hiyo inasogeza dirisha tu, data zinabaki zote. Kwenye `plot` ya kawaida tatizo hili halipo, kwa sababu `lm` inafanya kazi yake pembeni, haijui mhimili wako umeishia wapi.

---

Bi Mizani

La makundi, ndugu yangu, ndilo swali zuri zaidi uliloleta, na ni heri limekujia kwenye `iris` kabla ya kukujia mbele ya watahini.

Maua 150, aina tatu, 50 kila aina, data ambazo Fisher alizichapisha mwaka 1936. Mstari mmoja wa wote, upana ukitabiriwa kwa urefu, una mteremko wa −0.06. Mistari ya kila aina ina mteremko wa 0.80 kwa setosa, 0.32 kwa versicolor na 0.23 kwa virginica. Aina zote tatu zinasema jambo moja: ua lenye sepali ndefu lina sepali pana pia. Ukizichanganya, kauli inageuka. Kinachotokea ni kwamba setosa wana sepali fupi na pana, wenzao wana ndefu na nyembamba zaidi, kwa hiyo mstari wa jumla unafuata tofauti iliyopo *kati* ya aina, unaacha uhusiano uliopo *ndani* ya kila aina.

Nichore upi, unauliza. Inategemea unataka kusema nini, lakini kama swali lako ni kuhusu jinsi vipimo viwili vinavyokwenda pamoja ndani ya ua, mstari mmoja unampotosha msomaji, na mchoro wa nukta zisizo na rangi hautampa hata nafasi ya kugundua. Hata rangi zikiwepo, angalia zimewekwa wapi. Ukiandika `colour = Species` ndani ya `aes` ya `ggplot()` yenyewe, rangi inarithiwa na `geom_smooth` na unapata mistari mitatu. Ukiiandika ndani ya `geom_point` peke yake, nukta zinapata rangi na mstari unabaki mmoja. Tofauti ya mahali pa neno moja kwenye amri inakupa matokeo mawili yanayopingana, na yote yanaonekana nadhifu. Kwenye SPSS chaguo hilo lina jina lake, "Fit Line at Subgroups". Kwa data zako chora zote mbili ukiwa peke yako, kisha mwandikie msomaji kwa nini umechagua moja.

Ongezo moja kwa kuwa umetaja data halisi. Usikubali R² ikuambie kwamba mstari unafaa. R ina data zinazoitwa `anscombe`, za mwaka 1973: jozi nne, kila moja nukta 11, wastani uleule, mstari uleule wa 3 jumlisha nusu ya x, uwiano (correlation) uleule wa 0.816. Zichore. Jozi ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari safi wenye nukta moja iliyoruka, na ya nne ni nukta kumi zilizosimama wima huku moja ya mbali ikiuvuta mstari peke yake. Kwenye jedwali la matokeo huwezi kuzitofautisha.

---

NuktaNyingi

Nimezichora. Ile ya nne imenishangaza sana, kwa sababu kwenye data zangu kuna kipimo kimoja kilicho mbali vilevile. Nitachora na kuweka mistari yote miwili, pamoja nacho na bila yake.

La mwisho: `abline` inachora mstari kutoka ukingo hadi ukingo wa mchoro. Niuache hivyo? Na ile loess ya mwanzo iliyopinda, niipuuze?

---

Bi Mizani

Usiuache. Mwendo mdogo kabisa kwenye `cars` ni 4, na hata hapo mstari unatabiri futi −1.85. Kwenye sifuri unatabiri −17.58. Hakuna umbali wa kusimama ulio chini ya sifuri, na `abline` inakuchorea eneo hilo kwa wino uleule inaotumia pale penye data. Ule mfano wangu wa `predict` na `lines` unaishia 4 hadi 25, mwisho wa data. `geom_smooth` nayo inaishia hapo isipokuwa umeandika `fullrange = TRUE`.

Na loess usiipuuze. Inapinda kuelekea juu, na fizikia inakubaliana nayo, kwa sababu umbali wa breki unakua kwa mraba wa mwendo. Jaribu:

```
m2 <- lm(dist ~ speed + I(speed^2), data = cars)
```

R² inatoka 0.651 inafika 0.667 tu, hivyo kwa vipimo hivi 50 sitagombana na atakayebaki na mstari ulionyooka, mradi asiuvushe nje ya data. Ila modeli hii usiipeleke kwa `abline`. Itachukua namba mbili za kwanza, 2.47 na 0.91, itaiacha ya mraba, na utarudi kuona mstari unaopita chini ya nukta nyingi. Safari hii R itatoa onyo kwamba imetumia mbili kati ya tatu. Ichore kwa `predict` ukitumia `mpya` ileile, na kama siku moja utatumia safu ya x ya data zako mwenyewe badala ya `seq`, zipange kwanza kwa `order`, maana `lines` inaunganisha nukta kwa mpangilio inaozipokea.